Kikulacho ki nguoni mwako: Hatari ya programu saidizi zenye mamlaka makuu kwenye kompyuta

WATUMIAJI wengi wa kompyuta wamefunzwa kumwogopa adui wa nje. Wanaonywa wasifungue barua pepe zinazotoka kwa watu wasiowajua, wasimfichulie yeyote neno lao la siri, na wasipakue programu kutoka tovuti zisizoaminika. Nasaha hizo ni njema na zingali na manufaa. Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Baadhi ya mianya mikubwa iliyowahi kugunduliwa katika kompyuta za mezani na vipakatalishi haikuletwa na virusi. Ilikuwa humo ndani tangu siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, katika programu ndogo zilizowekwa na waundaji wenyewe ili kumsaidia mwenye kompyuta.

Programu hizo hutenda kazi kwa niaba ya mtumiaji wa kawaida, lakini kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Nyingi hazina dirisha wala picha kwenye skrini. Ndizo zinazosakinisha masasisho, zinazopeleka waraka kwenye printa, zinazotambua kifaa kipya kikichomekwa na zinazobadilisha neno la siri. Kwa kuwa hazionekani, mwenye kompyuta hazifikirii. Wadukuzi nao huzifikiria sana, kwa sababu anayefaulu kumhadaa mtumishi mwenye funguo zote hana haja ya kuvunja mlango.

Makala haya yanaeleza chimbuko la programu hizo, jinsi kasoro zake zinavyotokea, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua ili kujikinga.

Karani na muhuri wa chifu

Tuchukue mfano wa ofisi ya chifu yenye shughuli nyingi. Chifu hawezi kupiga muhuri kila barua kwa mkono wake, hivyo anamkabidhi karani muhuri. Mwananchi anayetaka barua ya utambulisho humwendea karani, naye humhudumia. Karani si chifu, lakini karatasi ikishapigwa muhuri ina uzito ule ule kana kwamba chifu mwenyewe ameitia sahihi. Kuanzia hapo, heshima ya ofisi nzima inategemea uangalifu wa karani. Akiwa mwaminifu lakini mzembe, madhara yake hayatofautiani na ya karani mla rushwa.

Kompyuta za kisasa zimepangwa kwa utaratibu kama huo. Kuna mtumiaji wa kawaida, ambaye anaruhusiwa kufungua na kubadilisha faili zake pekee. Kuna pia msimamizi mkuu, anayeweza kusoma faili za kila mtu, kusakinisha programu, na hata kufuta mfumo mzima. Katika mifumo ya Linux na ile ya kompyuta za Mac, mwenye mamlaka hayo huitwa root. Katika Windows, huduma za ndani za mfumo huendeshwa kwa mamlaka ya akaunti iitwayo SYSTEM.

Mgawanyo huo una hekima kubwa. Virusi vikiingia kupitia akaunti ya mtumiaji wa kawaida, madhara yake hubaki humo. Lakini papo hapo linazuka tatizo. Zipo kazi ndogo za kila siku ambazo haziwezi kufanyika bila kugusa mambo yaliyokatazwa. Faili inayohifadhi maneno ya siri, kwa mfano, haipaswi kuguswa na yeyote isipokuwa msimamizi, la sivyo kila mtu angebadilisha neno la jirani yake. Wakati uo huo, kila mtumiaji lazima aweze kubadilisha neno lake mwenyewe.

Suluhisho lilitoka kwa Dennis Ritchie, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Unix katika maabara za Bell nchini Marekani. Alibuni alama maalumu inayowekwa kwenye faili ya programu. Programu yenye alama hiyo hutenda kazi kwa mamlaka ya anayeimiliki, wala si ya yule aliyeianzisha. Ombi la hataza ya uvumbuzi huo liliwasilishwa mwaka 1973 na hataza ikatolewa mwaka 1979. Mbinu hiyo ingali inatumika katika Linux na Mac hadi leo. Karibu mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Buffalo, iliandikwa programu iitwayo sudo, ambayo humwezesha mtumiaji aliyeidhinishwa kutoa amri moja moja kwa mamlaka ya msimamizi.

Windows ilifuata njia nyingine. Ndani yake kuna huduma zinazoendeshwa chinichini kwa mamlaka ya SYSTEM, nazo hupokea maombi kutoka kwa programu za kawaida. Toleo la Vista, lililofika madukani mwaka 2007, ndilo lililoleta lile dirisha linalomuuliza mtumiaji kama anaruhusu programu fulani kufanya mabadiliko kwenye kompyuta. Njia zinatofautiana, lakini kanuni ni moja: muhuri umewekwa mikononi mwa karani.

Maswali matatu

Karani mwangalifu hujiuliza mambo matatu kabla ya kupiga muhuri. Kwanza, ni nani anayeomba, na je, ana haki ya kuomba jambo hili? Pili, karatasi hii imeandikwa nini hasa, na je, imejazwa inavyotakiwa? Tatu, karatasi ninayopiga muhuri ndiyo ile ile niliyoisoma, au imebadilishwa nilipogeuka kutafuta wino?

Ukichunguza kasoro kubwa za programu saidizi zilizogunduliwa kwa miaka mingi, utabaini kwamba karibu zote zilitokana na kupuuzwa kwa mojawapo ya maswali hayo. Teknolojia hubadilika, majina ya kampuni hubadilika, lakini uzembe wa karani ni ule ule.

Mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy aliyaeleza haya mwaka 1988 katika makala mafupi ambayo wanafunzi wa usalama wa kompyuta wangali wanayasoma. Alisimulia kisa cha programu iliyokuwa ikitafsiri msimbo wa watumiaji hadi lugha ya mashine. Programu hiyo ilipewa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mfumo ili itunze takwimu za matumizi yake. Kwa bahati mbaya, folda hiyo hiyo ilikuwa na faili ya ankara za wateja. Mtumiaji mmoja akaiagiza programu iandike matokeo yake kwenye faili yenye jina la ile ya ankara. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuigusa faili hiyo, lakini programu ilikuwa nayo. Ikatii, na kumbukumbu za ankara zikapotea.

Hapakuwa na virusi wala neno la siri lililoibwa. Hardy alimlinganisha mtumishi wa namna hiyo na msaidizi aliyechanganyikiwa: ana mamlaka aliyopewa na bwana mmoja, anapokea maagizo kutoka kwa mwingine, na hawezi kutofautisha anatumia mamlaka ya nani kutimiza agizo la nani.

Amri isiyo na neno

Mfano bora wa swali la pili kupuuzwa ulijitokeza Januari 25, 2022. Siku hiyo kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro katika programu saidizi iitwayo pkexec, ambayo hufanya kazi inayofanana na ya sudo. Programu hiyo ilikuwa imesakinishwa tayari katika matoleo makuu ya Linux, yakiwemo Ubuntu, Debian, Fedora na CentOS. Kasoro yenyewe ilipewa jina PwnKit.

Ili kuielewa, ni vyema kujua kwamba kila programu inapoanzishwa hukabidhiwa orodha ya maneno. Neno la kwanza huwa ni jina la programu yenyewe, na yanayofuata huwa ni maagizo. Pembeni mwa orodha hiyo, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, huwa kuna orodha nyingine yenye maelezo ya mazingira: lugha inayotumika, mahali pa kutafuta faili za ziada, na kadhalika. Programu yenye mamlaka makuu inapoanzishwa, mfumo huipekua orodha hiyo ya pili mlangoni na kuondoa maelezo yoyote yanayoweza kuleta hatari.

Waandishi wa pkexec walichukulia kwamba orodha ya kwanza haiwezi kamwe kuwa tupu. Qualys ilionyesha kwamba inawezekana kuianzisha programu bila kuipa neno hata moja. Ikianzishwa hivyo, ilivuka mpaka wa orodha tupu ikaingia katika orodha jirani, ikasoma kilichokuwa humo kana kwamba ni agizo, kisha ikaandika humo humo. Kwa kutumia upenyo huo, mshambulizi aliweza kurejesha ndani lile elezo hatari lililokuwa limeondolewa mlangoni. Baada ya hapo alihitaji tu kuifanya pkexec itoe ujumbe wa kosa. Ilipojaribu kuandika ujumbe huo, ilifuata elezo la mshambulizi, ikapakia msimbo wake na kuutekeleza kwa mamlaka ya root.

Yaani karani alipewa karatasi isiyo na maandishi, akainua macho, akasoma karatasi iliyokuwa mezani pembeni, na kuipiga muhuri.

Jambo la kutisha zaidi ni umri wa kasoro hiyo. Ilikuwamo tangu toleo la kwanza la pkexec mnamo Mei 2009, yaani kwa zaidi ya miaka 12. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja alikuwa ameandika hadharani kuhusu tabia hiyo ya orodha tupu, lakini hakuona njia ya kuigeuza kuwa shambulizi, na jambo likaishia hapo. Qualys ilipotangaza matokeo yake, haikuchukua hata siku mbili kabla ya watu kusambaza msimbo wa kuitumia kasoro hiyo. Mnamo Juni 2022, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa mitandao, CISA, liliiweka katika orodha yake ya kasoro ambazo tayari zinatumiwa na wahalifu.

Sudo nayo haikusalimika. Januari 26, 2021, mwaka mmoja kabla ya hapo, Qualys hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kasoro iliyodumu ndani ya sudo tangu Julai 2011. Amri ikiishia kwa alama ya mkwaju wa nyuma kwa namna fulani, programu ilikosea hesabu na kuandika nje ya nafasi iliyotengewa. Mtumiaji yeyote wa kompyuta, hata asiyekuwa katika orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo, angeweza kutwaa mamlaka ya root. Juni 2025 zilitangazwa kasoro nyingine mbili katika programu hiyo, mojawapo ikiwa imejificha kwa takribani miaka 12.

Kipanya, printa na mlango wazi

Swali la kwanza, la nani anayeomba, lilisahaulika katika kisa kilichowashangaza wengi Agosti 2021. Ilibainika kwamba mtu akichomeka kipanya cha kampuni ya Razer kwenye kompyuta ya Windows 10, mfumo ulipakua na kuanzisha wenyewe programu ya kukisakinisha, tena kwa mamlaka ya SYSTEM. Programu hiyo ilimpa aliyeketi mbele ya kompyuta dirisha la kuchagua folda. Kupitia dirisha hilo aliweza kufungua sehemu ya kuandikia amri, nayo ikarithi mamlaka yale yale. Hakuhitaji neno la siri la msimamizi. Kifaa kinachouzwa dukani kilitosha. Kampuni ya Razer iliahidi kurekebisha kasoro hiyo.

Miezi miwili kabla ya hapo, dunia ilikuwa imekabiliwa na kasoro kubwa zaidi iliyopewa jina PrintNightmare, yaani jinamizi la uchapishaji. Windows ina huduma inayosimamia foleni ya nyaraka zinazosubiri kuchapishwa. Huduma hiyo huanza yenyewe kompyuta inapowashwa, hata kama hakuna printa karibu, na huendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM. Ilibainika kwamba mtumiaji yeyote mwenye akaunti, hata akiwa mbali mtandaoni, angeweza kuiambia huduma hiyo isakinishe programu ya printa, kumbe ndani yake mna msimbo wa mshambulizi. Msimbo wa kuonyesha shambulizi hilo ulivuja kwa bahati mbaya mwishoni mwa Juni 2021, kabla tiba haijapatikana.

Kampuni ya Microsoft ililazimika kutoa masasisho ya dharura kuanzia Julai 6, 2021, hata kwa Windows 7 ambayo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikuwa umekwisha Januari 2020. Mwezi uliofuata ilibadilisha utaratibu, ikawa ni wasimamizi pekee wanaoruhusiwa kusakinisha programu za printa. Kwa maneno mengine, karani alianza hatimaye kuuliza ni nani anayeomba. Si mara ya kwanza kwa huduma hiyo kuleta balaa. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran, ilitumia kasoro katika huduma hiyo hiyo ya uchapishaji kama mojawapo ya njia zake za kuenea.

Karatasi iliyobadilishwa

Swali la tatu linadhihirishwa na kisa cha Zoom, programu ya mikutano ya video iliyopata umaarufu mkubwa wakati wa janga la corona. Katika kompyuta za Mac, Zoom ilisakinisha programu saidizi yenye mamlaka ya root ili masasisho yaweze kuingia bila kumuuliza mtumiaji neno la siri kila mara. Mtumiaji alitoa ruhusa mara moja tu, siku ya kwanza. Tangu hapo msaidizi alibaki na funguo.

Mtafiti Patrick Wardle aliwaeleza washiriki wa kongamano la DEF CON mjini Las Vegas, Agosti 2022, kwamba msaidizi huyo alikuwa akikagua sahihi ya kidijitali ya kila sasisho, lakini alikagua kwa njia ya kijuujuu. Alichotafuta ni maneno ya cheti cha Zoom katika matokeo ya ukaguzi. Mshambulizi aliyelipa faili lake jina lenye maneno hayo hayo alipita bila kizuizi. Ni sawa na askari wa lango kumruhusu mgeni kwa sababu ameandika neno "mkurugenzi" kwenye shati lake.

Wardle alikuwa ameiarifu kampuni hiyo Desemba 2021, na marekebisho yakafanywa. Alipoyachunguza, aligundua upenyo mwingine. Msaidizi sasa alilihamisha faili la sasisho hadi folda ya root kabla ya kulisakinisha, ila faili hilo liliendelea kubeba ruhusa zake za awali. Mtumiaji wa kawaida bado aliweza kulibadilisha baada ya kukaguliwa na kabla ya kusakinishwa. Karani alisoma karatasi moja na kupiga muhuri nyingine. Zoom ilitoa toleo jipya kuziba mwanya huo katika mwezi huo huo wa Agosti.

Je, si lazima mwizi awe ndani tayari?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa nyingi ya kasoro hizi zinahitaji mshambulizi awe tayari na njia ya kuitumia kompyuta, hatari yake iko wapi? Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyofanya kasoro za aina hii zipuuzwe kwa muda mrefu. Lakini wadukuzi hawafanyi kazi kwa hatua moja. Hatua ya kwanza huwa ni kumhadaa mtumiaji wa kawaida afungue waraka wenye sumu. Hapo wanapata chumba kimoja tu cha nyumba. Kasoro katika programu saidizi ndiyo inayowapa nyumba nzima. Wakishakuwa wasimamizi wanaweza kuzima programu za kupambana na virusi, kufuta nyayo zao, kusoma maneno ya siri ya watumiaji wote na kujificha mahali ambapo hata kusakinisha upya programu moja moja hakuwaondoi.

Jambo hili linatugusa zaidi katika mazingira ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Nchini Kenya, wananchi wengi huenda katika saibakafe kuwasilisha ripoti za kodi kwenye iTax, kuomba stakabadhi kupitia eCitizen au kujaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Maabara za shule na vyuo hupokea mamia ya wanafunzi kwa zamu. Katika kompyuta kama hiyo, kigezo cha kwamba mshambulizi lazima awe na akaunti hakimzuii yeyote, kwani kila anayelipa shilingi chache au anayevaa sare ya shule huketi mbele ya kibodi. Akitwaa mamlaka ya msimamizi na kuacha programu inayonakili kila kinachochapwa, wahasiriwa ni wateja wote watakaomfuata, nao hawatakuwa na njia ya kujua.

Hatari huongezeka pale ambapo kompyuta inaendeshwa kwa nakala haramu ya mfumo ambayo mwenyewe amezima masasisho akihofia kugunduliwa. Nyufa zilizozibwa kwingineko miaka mingi iliyopita hubaki wazi hapo.

Kenya ina sheria ya mwaka 2018 dhidi ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, pamoja na ile ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, ambayo humbebesha anayehifadhi habari za watu jukumu la kuzilinda. Sheria hizo ni muhimu. Hata hivyo, sheria humwadhibu mwizi akishapatikana, wala haizibi ufa ukutani.

Kwa nini kasoro hizi hudumu?

Sababu ya kwanza ni mazoea. Programu iliyotumika kwa miaka mingi bila tatizo huaminiwa, na kinachoaminiwa hakikaguliwi. Sababu ya pili ni kurundika kazi. Sudo ilianza ikiwa programu ndogo, lakini kila mwaka iliongezewa uwezo ambao watumiaji wachache sana waliuhitaji, na kila uwezo mpya ni mlango mwingine wa kulinda. Sababu ya tatu ni starehe. Kampuni zinajua kwamba mtumiaji huchoka kuulizwa neno la siri, hivyo huomba ruhusa mara moja na kuihifadhi daima.

Wapo waliojaribu kurekebisha mambo. Mwaka 2002, waundaji wa OpenSSH waliigawa programu yao katika sehemu mbili: sehemu ndogo yenye mamlaka makuu, na sehemu kubwa isiyo na mamlaka yoyote, ambayo ndiyo inayozungumza na wageni. Mwaka 2015, mfumo wa OpenBSD uliiweka kando sudo na badala yake ukatumia programu fupi zaidi iitwayo doas. Ubuntu nayo, katika toleo lake la Oktoba 2025, ilianza kutumia sudo iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust, ambayo huzuia makosa mengi ya kuandika nje ya nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu.

Hatua hizo zinastahili pongezi, lakini tusijidanganye. Kisa cha Hardy, cha kipanya na cha Zoom havikutokana na makosa ya kumbukumbu. Vilitokana na msaidizi kutouliza alilopaswa kuuliza, na hakuna lugha ya programu itakayomuulizia.

La kufanya

Mtumiaji wa kawaida hawezi kukagua msimbo wa programu hizi, lakini anaweza kupunguza idadi ya makarani wenye muhuri ndani ya kompyuta yake.

Kwanza, aruhusu masasisho na aiwashe upya kompyuta inapoomba. Kasoro zote zilizotajwa katika makala haya zilipatiwa tiba na waundaji, na wanaoendelea kudhurika nazo ni wale ambao hawajaipokea tiba hiyo. Wanaotumia Windows 10 wakumbuke kwamba huduma yake ya kawaida ya masasisho ilifika kikomo Oktoba 14, 2025. Kompyuta isiyoweza kupokea Windows mpya inaweza kuwekwa mfumo wa Linux unaoendelea kuhudumiwa, badala ya kuachwa na nyufa zitakazozidi kuongezeka.

Pili, aziondoe programu asizozihitaji, zikiwemo zile zilizowekwa na mtengenezaji wa kompyuta au kuletwa na printa na vipanya vilivyokwisha kutupwa. Afanye hivyo kupitia utaratibu rasmi wa kuondoa programu. Katika Mac, kuiburuta picha ya programu hadi kwenye pipa la taka aghalabu hakumwondoi msaidizi wake, ambaye hubaki na mamlaka yake baada ya bwana kuondoka. Tangu mwaka 2022, mipangilio ya Mac huonyesha orodha ya programu zinazoruhusiwa kuendeshwa chinichini, na ni busara kuipitia.

Tatu, awe na akaunti mbili: moja ya kawaida kwa kazi za kila siku, na nyingine ya msimamizi itakayotumika pale tu inapobidi. Wenye saibakafe na wasimamizi wa maabara za shule wasimruhusu mteja au mwanafunzi kutumia akaunti ya msimamizi kwa sababu yoyote ile. Katika ofisi, kompyuta zinazohifadhi faili za wote na ambazo hazichapishi chochote zizimiwe huduma ya uchapishaji.

Nne, dirisha la kuomba ruhusa linapojitokeza, asibonyeze kukubali kwa mazoea. Ajiulize ni programu gani inayoomba, na kama yeye mwenyewe ameanzisha jambo lolote linalohitaji ruhusa hiyo. Akumbuke kwamba huenda haruhusu kitendo kimoja cha leo, bali anaajiri karani wa kudumu.

Tiba ya pkexec ilipokuwa ikisubiriwa, wasimamizi wa mifumo walishauriwa kutoa amri moja fupi iliyoiondolea programu hiyo alama ya Ritchie. Kompyuta nyingi ziliendelea na kazi zake kama kawaida. Hilo linapaswa kutufikirisha. Pengine baadhi ya makarani waliokabidhiwa muhuri hawakuuhitaji tangu mwanzo, na anayengoja hadi mwizi aingie ndipo aanze kuhesabu funguo atajikuta akijenga ukuta badala ya kuziba ufa.